Meza ya Makufuli

Katika nyumba yetu hapa Tanga iko meza moja ambayo wageni huitazama mara mbili. Mara ya kwanza huidhani ni meza ya fundi saa, kwa sababu ya taa iliyoinamishwa na vyuma vidogo vidogo vilivyopangwa juu ya kitambaa cheupe. Mara ya pili huyaona makufuli. Yako 27, makubwa na madogo, mengine yamekula kutu, na hakuna hata moja lililofunga kitu chochote. Hapo ndipo mgeni huweka kikombe chake chini akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Mwalimu, haya nayo ni ya kazi gani?"

Humjibu kwamba ni ya kufunguliwa bila funguo. Wengine hucheka. Wengine huusogeza mkoba wao karibu na mguu. Simlaumu hata mmoja. Katika nchi ambayo kila dirisha lina nondo na kila mlango una komeo mbili, mzee anayekaa nyumbani akijifunza kufungua makufuli hana budi kujieleza.

Nitajieleza. Wapo walioniuliza kwa nia njema jinsi nilivyoiweka meza hiyo, nao ninawajibu humu. Lakini liko na jambo lililotupata kwa sababu ya meza hiyo hiyo, jambo ambalo sikupenda kulisimulia, na bila hilo maelezo yangu yangekuwa nusu.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 32. Nilipostaafu, mpwa wangu anayefanya kazi Hamburg, Ujerumani, alinialika nikamtembelee. Huo ulikuwa mwaka 2014. Jioni moja alinipeleka mahali ambapo watu kama kumi na watano, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameizunguka meza ndefu wakinywa kahawa na kufungua vitasa. Sikuamini macho yangu. Kijana mmoja alikuwa mwanafunzi wa chuo, mzee aliyeketi pembeni yake alikuwa dereva mstaafu, na wote wawili walikuwa wameinama kimya kabisa kama watu wanaosikiliza redio yenye sauti ndogo. Mpwa wangu akanieleza kwamba huo kwao ni mchezo kama dama au kuvua samaki, na kwamba ni katika mji huo wa Hamburg, mwaka 1997, wapenzi wa mchezo huo walipounda chama chao.

Waliniambia wana kanuni mbili, na mtu asiyezikubali haketi nao. Ya kwanza: usifungue kitasa kisicho chako, ila kwa idhini ya mwenyewe. Ya pili: usifungue kitasa kinachotumika, hata kama ni chako, maana unaweza kukiharibu na kujifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Nilicheka moyoni. Niliona ni mambo ya watu wenye muda wa kupoteza. Wakanipa kitasa chepesi cha wanaoanza, nikakifungua baada ya robo saa, nikafurahi kama mtoto. Nikarudi nyumbani na mfuko mdogo wa vyuma niliozawadiwa, nikautia mtotoni mwa meza, nikausahau.

Mwaka 2016 nilipata kiharusi. Kilikuwa chepesi, namshukuru Mungu. Ulimi ulirudi baada ya siku chache na mguu baada ya mwezi. Mkono wa kulia nao ulirudi, lakini vidole havikurudi nao. Niliweza kuinua ndoo, nisiweze kufunga kifungo cha shati. Mtu aliyeandika ubaoni kwa miaka 32 hakuweza kuandika jina lake. Niliambiwa nibinye mpira kila siku, asubuhi na jioni. Niliubinya majuma mawili. Hakuna kitu kinachochosha roho kama kubinya mpira: unaubinya, unarudi ulivyokuwa, hukujua umefanya nini. Siku moja, nikitafuta dawa mtotoni mwa meza, nikaukuta ule mfuko wa Hamburg.

Kabla sijaieleza meza yenyewe, nieleze kwanza kilichomo ndani ya kitasa, maana ualimu ni ugonjwa usiopona. Kitasa cha kawaida cha siku hizi, na makufuli mengi ya shaba, kina kipande cha duara kinachozunguka ufunguo unapogeuzwa. Mimi huuita moyo wa kitasa. Ndani yake mna matundu madogo, mara nyingi manne au matano, na katika kila tundu mna pini mbili zilizopandana, na juu yao springi inayozisukuma chini. Ufunguo usipokuwamo, pini za juu huwa zimekaa nusu ndani ya moyo na nusu nje, zikauzuia usizunguke. Meno ya ufunguo wa haki huziinua pini kwa kipimo, kila moja kimo chake, mpaka mahali zinapogusana pakawa sawasawa na ukingo wa moyo. Hapo moyo huzunguka. Kanuni yenyewe ni ya kale mno: vitasa vya mbao vya Misri vya zamani vilitumia pini zinazoanguka kwa uzito wake. Linus Yale wa Marekani aliiweka katika umbo dogo la chuma lenye ufunguo bapa, na hati yake ya ugunduzi ni ya mwaka 1861.

Lakini hakuna fundi wala mashine inayotoboa matundu matano yakakaa katika mstari ulionyooka kabisa. Moja litakuwa limekwenda kando kwa unene wa unywele. Kwa hiyo ukiugeuza moyo kidogo kwa nguvu ndogo, si pini zote zitakazobanwa kwa pamoja. Itabanwa moja kwanza. Ukiitafuta hiyo ukaiinua taratibu, itafika ukingoni, itatoa mlio mdogo, na moyo utasogea kiasi ambacho jicho halioni lakini kidole kinajua. Kisha itabanwa ya pili. Basi, siri yote ni hiyo. Mchezo wenyewe ni kutafuta kasoro ya mtengenezaji, moja baada ya moja, kwa vidole. Na mimi nilihitaji kazi ya vidole.

Sasa meza. Watu hudhani jambo la kwanza ni vyuma. Si vyuma, ni kiti. Mara ya kwanza niliketi kwenye kigoda na kitasa nimekipakata. Baada ya dakika kumi shingo iliniuma na mkono ukatetemeka. Meza inatakiwa iwe ya kimo ambacho ukiketi wima viwiko vinalala juu yake bila mabega kupanda. Yangu ilikuwa ndefu kidogo, nikamwita seremala akakata miguu yake inchi mbili. Niliiweka kwenye dirisha la mashariki, kwa kuwa asubuhi ndipo vidole vyangu vilipokuwa na nguvu.

Jambo la pili ni jiliwa. Anayeanza hushika kufuli mkono mmoja na chuma mkono wa pili, na huo ni utaratibu mzuri kwa mtu mwenye mikono mizima. Mimi nilikuwa na mkono mmoja na nusu. Nilinunua jiliwa dogo lililotumika kwa fundi baiskeli wa Ngamiani, nikalikaza ukingoni mwa meza, na midomo yake nikaivika mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili lisiyaume makufuli. Baadaye niligundua kwamba jiliwa lina hasara yake. Likikaza mno humnyima mtu habari, kwa sababu kitasa kilichobanwa sana hakitetemeki, na mtetemo ndio mazungumzo yake na kidole. Kwa hiyo huwa nakaza kiasi cha kuzuia kisianguke tu.

La tatu ni mahali pa kuwekea vitu vidogo. Siku ya kwanza nilipofungua moyo wa kitasa kizima nikauvuta nje bila kujua, springi tano ziliruka kama panzi, na pini zikabingirika chini ya kabati. Nilipata pini saba kati ya kumi, na springi moja. Tangu siku hiyo nafanyia kazi hiyo ndani ya sinia lenye ukingo, nimetandika kitambaa cheupe, na pini nazipanga katika kisahani cha kugandishia barafu, kila tundu la kitasa na chumba chake. Sumaku haisaidii, kwa maana pini ni za shaba. Kibano cha kung'olea nyusi, nilichokiazima kwa mke wangu na ambacho hakijarudi, kinasaidia sana.

Vyuma vyenyewe ni vya aina mbili. Kimoja ni cha kugeuzia, kilichopindwa kama herufi L, nacho hukaa chini ya tundu la ufunguo na kuubana moyo. Cha pili ni ndoano nyembamba ya kuinulia pini. Vile vya Hamburg vilipovunjika, nilitengeneza vingine kwa chuma chembamba kinachokaa ndani ya waipa chakavu za magari, na kwa mabaki ya msumeno wa chuma. Nilivinoa kwa jiwe, nikivichovya majini kila mara, kwani chuma cha pua kikipata moto mwingi hupoteza ugumu wake. Kisha nikavisugua kwa msasa mwembamba mpaka viteleze. Chuma chenye makovu hudanganya: hujui unachosikia ni pini au ni kovu.

Na mwisho ni makufuli yenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuanza na gumu. Nilichukua silinda moja ya mlango, nikatoa pini zote, nikarudisha ya tundu moja tu. Nilipoifungua mara ishirini mfululizo, nikaongeza ya pili. Kisha ya tatu. Ni kama kumfundisha mtoto kusoma: humpi gazeti, unampa a, e, i, o, u. Makufuli mengine niliyanunua kwa wauza vyuma chakavu, kwa kilo, mengi yao hayana ufunguo. Kila moja nililiandika katika daftari: tarehe nililolipata, kwa nani, nililipia kiasi gani, na siku nililolifungua. Nilidhani daftari hilo ni la kumbukumbu tu. Baadaye lilikuwa na kazi kubwa zaidi.

Silinda ya pini tano ilinichukua siku tisa. Nilikosea kama wote wanaoanza: nilikaza mno. Mwanadamu akiona kitu hakifunguki huongeza nguvu, na kitasa ukikikaza hunyamaza; pini zote hubanwa kwa pamoja na hakuna inayosema lolote. Siku ya tisa nilikuwa nimechoka, mkono umelegea, na kwa sababu ya kulegea huko nikasikia mlio, kisha mwingine, na ghafla moyo ukazunguka kwa ulaini, kama mtu anayegeuka usingizini. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Sawa. Na kifungo cha shati?" Kifungo cha shati kilichukua miezi minne zaidi. Daktari anasema pengine kingerudi hata bila makufuli, kwa muda tu. Sibishani naye. Najua tu kwamba mpira nisingeubinya miezi minne.

Mke wangu ndiye aliyenishauri niende kwa mwenyekiti wa mtaa kabla maneno hayajafika kwake yenyewe. Ushauri ulikuwa mzuri. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kuwa ni kosa mtu kukutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba pasipo sababu ya haki, na polisi akikukuta njiani na ndoano mfukoni hatakuuliza habari za Hamburg. Nilimwalika mwenyekiti, nikampa chai, nikamwonyesha meza na daftari. Alitazama kila kitu, akacheka sana, kisha akauliza kama ningeweza kumfungulia kabati la ofisi ambalo ufunguo wake umepotea. Nikamjibu kwamba fundi funguo yuko sokoni na ana leseni, na mimi nina kanuni zangu. Nadhani jibu hilo lilimridhisha kuliko kama ningelifungua. Tangu siku hiyo vyuma havikutoka nje ya nyumba.

Msomaji atauliza, kama walivyouliza wengi: je, si hatari elimu hii kusambaa? Swali hilo ni la zamani. Katika London kulikuwa na Joseph Bramah, aliyepata hati ya kitasa chake mwaka 1784. Duka lake liliweka dirishani kufuli lenye tangazo la kumpa ginea 200 yeyote atakayelifungua kwa ustadi bila ufunguo. Lilikaa pale miaka na miaka. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, akaja Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs. Kwanza alifungua kitasa cha Chubb, kilichosifiwa sana, kwa dakika zipatazo 25. Kisha akaliomba lile la Bramah. Alilishughulikia kwa saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, likafunguka. Watu walikasirika, wengine walisema ameipa elimu mikono ya wezi. Jibu lake lilikuwa kwamba wezi wanajua zamani, na asiyejua ni yule mwenye mali anayelala akidhani yuko salama. Jibu hilo nililipenda sana, na niliwatolea wageni mara nyingi nikilikoleza kwa mifano. Nililitoa kwa ulimi mwepesi mpaka siku mambo yalipofika ndani ya nyumba yangu.

Mjukuu wangu alikuja kukaa nasi mwaka 2019 kwa ajili ya shule. Alikuwa na miaka 14. Ni mtoto mtulivu, asiyependa mpira wala zogo, na mara akavuta kiti akakaa pembeni ya meza. Sikumwita, lakini sikumfukuza. Nilimfundisha kama nilivyofundisha wote: tundu moja, mawili, matatu. Kanuni mbili nilimwambia siku ya kwanza, naye akazikariri kama jedwali la kuzidisha. Baada ya miezi sita vidole vyake vilikuwa vimenipita mbali. Nilimwonea fahari. Mtoto wa umri ule anaposhinda jambo gumu kwa subira, nani hafurahi?

Sasa, mke wangu ni mwanachama wa kikoba cha wanawake 22 wa mtaani. Utaratibu huo wa kuweka na kukopeshana, ulioanzia Niger mwaka 1991, umeenea kwetu kila kona, na wasomaji wanaujua: kila juma kina mama hununua hisa, hukopeshana, hutenga kidogo kwa ajili ya misiba na maradhi, na mwisho wa mwaka hugawana. Fedha na vitabu hukaa katika sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo tatu hushikwa na wanawake watatu, kila mmoja nyumbani kwake, na sanduku hukaa kwa mwanamke wa nne asiye na ufunguo wowote. Mwanamke huyo wa nne alikuwa mke wangu. Sanduku lilikaa mvunguni mwa kitanda chetu kwa miaka mitatu, na sikumbuki hata siku moja nimelifikiria.

Jumapili moja mjukuu wangu alikuja mezani, akanisalimu shikamoo, akasimama. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeshika namba moja darasani. Akasema, "Babu, nimeyafungua yote matatu."

Nikamwuliza matatu yapi. Akasema ya sanduku la bibi. Jana yake, bibi alipokuwa arusini na mimi nimelala adhuhuri, alikuja rafiki yake wa shule, wakabishana kama anaweza. Aliyafungua kwa dakika kama ishirini. Walifunua, wakatazama, hawakugusa kitu, akafunika na kuyabana tena yote matatu. Alinieleza hata kufuli lipi lilikuwa gumu na kwa nini.

Nitaandika hapa jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Nilichohisi kwanza hakikuwa hofu wala hasira. Ilikuwa fahari. Kwa muda wa pumzi moja nilifikiri: yote matatu, kwa dakika ishirini! Pumzi ya pili ndiyo iliyoleta mengine, na ilikuja na ubaridi mpaka miguuni. Nilimwona mtoto anasubiri nimsifu, na nikajua kwamba alikuwa ameiona ile pumzi ya kwanza usoni pangu.

Nilikaa na jambo hilo mchana kutwa. Kunyamaza kulikuwa na hoja zake. Fedha hazikuguswa, mtoto alisema kweli, na kusema kungemvunjia mke wangu heshima kwa kosa ambalo si lake. Lakini kuna mtoto wa pili aliyejua, na siri ya watoto wawili ni tangazo. Na ikiwa siku moja, kwa sababu nyingine kabisa, ingepungua hata shilingi mia, kidole kingemwelekea nani? Juu ya hayo yote kulikuwa na lile jibu la Hobbs nililowahubiria wageni: mwenye mali ana haki ya kujua. Nilikuwa nimelipenda jibu hilo lilipohusu duka la London. Hapa wenye mali walikuwa wanawake 22 wanaouza maandazi, samaki na mitumba, nami sikuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Usiku nilimwambia mke wangu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja tu: "Nani mwingine anajua?" Nikamtaja yule mtoto. Akasema, "Basi Alhamisi utasema wewe. Si mimi."

Alhamisi nilisimama barazani kwangu mbele ya wanawake 22, mjukuu wangu kando yangu. Nimesimama mbele ya madarasa maelfu ya mara na sijapata kuona koo likikauka vile. Nilisema yote. Mtoto akaomba radhi, sauti haitoki. Wenye funguo wakafungua, wakahesabu kwa sauti, mara mbili. Hesabu ilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Mwenyekiti wao nilimfundisha kidato cha pili. Aliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniumiza kuliko ukali. Akasema, "Mwalimu, wewe hatukutilii shaka, na mtoto tumemsamehe. Lakini sanduku haliwezi kulala katika nyumba yenye meza ile."

Wanawake wawili walilibeba wakaondoka nalo. Mke wangu alibaki akikunja mkeka. Kwa siku nne hatukuzungumza ila habari za chakula. Siku ya tano alisema, bila kunitazama, "Miaka mitatu nimelilalia lile sanduku, nisiwe na ufunguo hata mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu." Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina.

Nilitaka kuivunja meza. Yeye ndiye aliyenikataza. Alisema mkono wangu bado haujapona, na kwamba meza haikumwambia mtoto aende mvunguni. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilimfundisha mtoto kanuni mbili kwa maneno, na ustadi nilimfundisha kwa miezi sita. Alipofungua pini tano nilipiga makofi. Aliporudisha ndoano mahali pake bila kuambiwa sikusema kitu. Mtoto hujifunza kile unachokipigia makofi.

Baada ya miezi miwili hivi mwenyekiti wa kikoba alirudi na wenzake watatu. Walitaka kujua wanunue makufuli gani. Nilisita, kisha nikawaketisha mezani, nikachukua kufuli jipya la aina ile ile waliyokuwa nayo, nililolinunua dukani kwa fedha zangu. Nililifungua mbele yao. Halikufika dakika moja. Kimya kilichofuata sikisahau. Nikawaeleza kwamba yako makufuli ambayo pini zake zimechongwa kiuno katikati, kama kibiringo cha uzi, nazo humdanganya anayezichezea akadhani amefanikiwa. Ni ghali kidogo lakini yanafaa. Lakini nikawaambia pia lile nililoliona Alhamisi ile. Makufuli matatu yalimzuia mtoto kwa dakika ishirini. Kilichoilinda fedha yao ni kwamba kila mwanamke alijua kwa moyo kiasi kilichomo, kwa kuwa kila juma huhesabiwa kwa sauti na wote wakasikia. Shilingi moja ingepungua, watu 22 wangejua kwa pamoja. Kufuli la namna hiyo sijui ndoano yake.

Walinunua yenye kiuno. Sanduku halikurudi kwetu, na sikuliomba.

Meza ingali dirishani. Mjukuu wangu, ambaye sasa ni kijana, hukaa hapo akija likizo, na daftari tumelifanya kuwa sharti: kufuli lisiloandikwa mwenyewe ni nani halipandi mezani. Vyuma hukaa ndani ya kijisanduku kilichofungwa, na ufunguo anao mke wangu. Anajua vema kwamba mimi au kijana tunaweza kukifungua bila kumwomba, na sisi tunajua kwamba anajua. Kila asubuhi humwendea nikamwomba. Siku nyingine huwa ana shughuli, na hunibidi kungoja.

Wahenga walisema subira ni ufunguo wa faraja, na mezani hapo nimeona ukweli wake kwa vidole vyangu. Lakini subira hufungua kila kitu, hata kisicho chako. Siku hizi nafunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote saba, na nikifika cha mwisho humkumbuka mke wangu akikunja mkeka.